Marehemu wa Lebo Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka leo nikiwa mtu mkubwa. Bado hakuna anayejua. Nina santuri ambayo, kwa ninavyoamini, hakuna mwingine duniani aliye nayo!

Niliipata jana kwa fundi cherehani. Alikuwa ameiweka chini ya mguu wa mashine yake ili isitikisike. Santuri! Chini ya mguu! Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba kipande cha mbao kingemfaa zaidi. Akasema nilete. Nikaleta. Tukabadilishana, kila mmoja akiamini amempiga mwenzake bao.

Lebo nyeupe pe. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna kampuni. Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: zamani kiwanda kabla ya kuchapa santuri kwa wingi kilitoa mbili tatu za kujaribia. Zikabandikwa karatasi nyeupe katikati, wakubwa wakasikiliza, wakakubali au wakakataa. Zilizokataliwa zilitupwa. Chache zilizoponea chupuchupu ndizo tunazozisaka sisi wenye akili. Mke wangu anaziita "sahani zako". Kisha huniuliza za jikoni nitazishughulikia lini.

Nimeisikiliza baada ya kazi. Sauti ya msichana, gita moja, basi. Sauti ya kumfanya mtu amsamehe jirani yake. Na kila anapofika kwenye "s" kuna mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mwingine angesema ni mkwaruzo. Lakini mimi ni fundi wa meno bandia, mwaka wa ishirini na sita huu. Huo si mkwaruzo. Huo ni mwanya! Meno mawili ya mbele, juu, milimita mbili. Naweza kuapa.

Anaimba: "Sisemi sana, sifa zasema. Safi, siku zote safi." Safi ni nani? Mpenzi wake, bila shaka.

Nimempa msichana jina. Bi Mwanya.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa Chama cha Santuri. Tuko wanne. Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la rangi. Mwenye duka ndiye Mwenyekiti, kwa sababu viti ni vyake.

Ajenda moja tu, lakini nzito. Tutaziweka lebo zetu nyeupe mtandaoni! Kila mwanachama atatoa santuri moja. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni fundi redio, ataziingiza kwenye kompyuta, azifute mikwaruzo, azivishe jalada jipya na maelezo ya historia ya kila moja. Mkusanyiko mzima utapatikana kwenye simu ya yeyote. Wimbo mmoja utapewa heshima ya kufungua. Kura Jumamosi ijayo.

Nikauona wimbo wangu ukifungua.

Ndipo akasimama Mkaguzi. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani maisha yake yote. Amestaafu, lakini bado anamtazama kila mtu kama anayeficha jiwe chini ya sahani ya mzani. Santuri anashika kwa glavu nyeupe. Ya kwake ni ya mpiga ngoma fulani. Akaweka mezani barua ya mpiga ngoma. Akaweka picha ya mpiga ngoma. Akaweka kijiti cha mpiga ngoma! Kama ushahidi mahakamani. Kisha akaniuliza historia ya yangu.

Nikasema ni fumbo.

Akasema, "Santuri isiyo na historia ni sahani tu. Pakulia chakula."

Wakacheka wote. Wa kwanza kucheka alikuwa Shemeji. Ndugu wa damu wa mke wangu!

Jumapili, 9 Machi

Wanataka historia? Watapata historia.

Nimejifungia chumbani na daftari. Lazima Bi Mwanya awe amekufa, hilo halina mjadala. Hakuna anayempigia kura msichana aliyeolewa akanenepa. Swali ni alikufaje. Nimefikiria kuzama majini, lakini aliyezama hutafutwa, na kutafutwa huacha karatasi. Nimefikiria ajali ya basi, lakini basi lina abiria, na abiria wana midomo. Nimechagua homa. Homa haina shahidi.

Alikufa siku ya tatu baada ya kurekodi. Umri miaka ishirini na miwili. Aliacha mchumba, ambaye "Safi" lilikuwa jina lake la mapenzi, na kijana huyo hakutamka neno kwa miaka mitano. Nilipofika hapo nikalia mwenyewe. Mke wangu akabisha hodi akauliza kuna nini. Nikasema vumbi.

Katika maelezo yote hayo kuna jambo moja la kweli: mwanya. Nimeuandikia aya nzima.

Jumanne, 11 Machi

Kwa Shemeji. Ameshaisafisha santuri. Nikaweka spika za masikioni. Nikasikiliza. Nikazivua kama zimeniunguza.

Mluzi haupo!

Nikamuuliza umeenda wapi. Akasema, kwa fahari, kwamba amefuta kelele zote. Kompyuta ilionyesha kelele moja ya ajabu inayojirudia kila mahali, akaing'oa na mizizi yake. Nikamwambia hiyo haikuwa kelele, huyo alikuwa msichana! Umefuta msichana! Akasema nilimwambia aondoe mikwaruzo. Nikasema mwanya si mkwaruzo. Akasema yeye ni fundi redio, mambo ya meno nijue mwenyewe.

Tukanuniana nusu saa. Kisha akaurudisha. Nikasikiliza tena. "Sisemi sana..." Birika lile pale! Hata yeye akakiri kwamba bila mluzi wimbo ulikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Akaniuliza historia ile nimeitoa wapi. Nikasema vyanzo vyangu havitaki kutajwa.

Alhamisi, 13 Machi

Limebaki jalada. Linahitaji picha ya msichana. Sina picha ya mtu ambaye sijui kama alikuwepo.

Leo mke wangu akiwa kazini (ni mwalimu wa chekechea) nimefungua kisanduku chake cha picha. Nimepata moja nzuri ajabu. Yeye mwenyewe, kabla hatujaoana, amekaa dirishani, anatazama nje, uso nusu kivulini. Midomo imefungwa, kwa hiyo mwanya haujulikani kuwepo wala kutokuwepo. Bora kabisa! Miaka thelathini imepita. Nani atamtambua? Mimi mwenyewe ilinichukua dakika.

Nimempelekea Shemeji. Akaitazama, akasema sura anaifahamu. Nikasema wasichana wa zamani walifanana. Dada yake mwenyewe! Kazi ya redio imemharibu macho.

Jumamosi, 15 Machi

USHINDI!

Mwenyekiti amesoma historia yangu kwa sauti. Alipofika kwenye mchumba asiyesema akasimama kidogo, akatazama makopo ya rangi. Kura tatu kwa moja. Wimbo wangu ndio utakaofungua mkusanyiko. Tumeupa jina "Wimbo wa Mwisho". Hilo ni wazo langu.

Mkaguzi alivaa glavu, akaichukua santuri yangu, akaigeuza, akainusa. Akasema hata vifo vya homa vilikuwa vinaandikwa siku hizo. Mshindi hajibu.

Jumanne, 18 Machi

Wimbo uko mtandaoni, na wameusikiliza watu wengi kuliko walioko mtaani kwetu. Wanaandika kwamba wamelia. Mmoja ameapa kutomsahau Bi Mwanya mpaka kufa kwake. Kazini nilikuwa natengeneza meno huku natabasamu peke yangu.

Furaha imeisha saa kumi na moja jioni.

Mwalimu mkuu wa chekechea alimwita mke wangu ofisini leo, akamkumbatia, akampa pole. Akamuuliza kama marehemu alikuwa pacha wake. Mke wangu akaonyeshwa simu.

Amerudi nyumbani. Akaweka simu kando ya sahani yangu, picha ikinitazama.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Nikaeleza. Nikasema sanaa ina mahitaji yake. Akasema njia ya mwongo ni fupi, nami hata sina viatu vya kutembelea. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, "Huyu mchumba uliyemtunga alinyamaza miaka mitano kwa uchungu. Mimi katika uchumba wetu wote uliniandikia barua moja, nayo ilikuwa ya kuulizia mwavuli wako."

Nikasema mwavuli ulikuwa kisingizio tu.

Akasema alijua, ndiyo maana aliijibu. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Ametaka picha iondolewe. Nimeahidi. Lakini nikiiondoa sasa, Mkaguzi atauliza kwa nini. Nitasubiri kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Kazini. Daktari wa meno wa ghorofa ya chini ameleta chapa ya ufizi. Mama mmoja mtu mzima, meno yote ya juu, bandia ya zamani yamevunjika. Kwenye karatasi ameandika: "Mgonjwa anataka mwanya mbele. Milimita mbili. Amesisitiza."

Nikashuka kumwambia kuna makosa. Miaka ishirini na sita nimeziba mianya, sijawahi kuagizwa hata mmoja. Daktari akasema naye alibishana na yule mama. Akasema alishindwa.

Nimepanga meno kwenye nta. Nimepima mwanya mara tatu. Mke wangu siku hizi anazungumza nami kupitia vikaratasi kwenye mlango wa jokofu. Cha leo kimesema: "Marehemu anaomba utoe taka."

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa nimekaa. Mambo ya leo hayaandikwi kwa kusimama.

Mama amekuja kujaribu meno ya nta. Mfupi, mabega mapana, mikono imekwajuka kwa maji. Alifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali miaka thelathini na minne. Nikampa shikamoo, nikamwekea meno, nikamwomba, kama kawaida yetu, aseme maneno yenye "s": sita, saba, sisimizi. Akasema hayo ni maneno ya watoto. Akachukua kioo, akajitazama, akaimba:

"Sisemi sana, sifa zasema..."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti.

Akaninyanyua kwa mkono mmoja. Akaniuliza kama nimekula. Nikamuuliza wimbo ule ameutoa wapi. Akasema ni wake. Aliutunga mwenyewe akiwa na miaka ishirini na miwili. Kulikuwa na kiwanda cha sabuni kilichotaka wimbo wa tangazo.

Sabuni! "Safi" ni sabuni! Ya kipande!

Akasema walimrekodi vizuri, wakubwa wakasikiliza, kisha mmoja akasema "s" zake zinalia kama tairi linalotoka upepo, na nani atanunua sabuni inayovuja? Wakamchukua mwingine. Akaenda hospitali kuomba kazi, wakampeleka kufua. Akasema Mungu ana utani wake: alikataliwa kuisifu sabuni, akaishia kuishika maisha yake yote.

Mimi nikajikaza kisabuni. Nikamuuliza meno ya zamani yalivunjikaje.

Akasema mpwa wake alimletea simu. "Shangazi, sikiliza." Akasikia sauti yake. Akasomewa historia yake: kwamba alikufa kwa homa, kwamba kuna mwanamume alinyamaza miaka mitano. "Mimi!" akasema. "Mume wangu marehemu hakuwahi kunyamaza hata dakika tano!" Akacheka mpaka meno yakaruka yakaingia kwenye sinki. Vipande vitatu.

Kwa hiyo ni mimi. Nimemuua, kisha nimemvunja meno.

Halafu akaacha kucheka. Akasema ameusikiliza wimbo ule siku nzima. Miaka hamsini hakuwa ameisikia sauti yake ya usichana, maana hawakumpa hata nakala moja. Alikuwa ameanza kuamini hakuwahi kuimba kitu. Angependa kumpata mwenye santuri ile. Hataki ugomvi. Anataka kuishika tu. Akaniuliza kama mimi, ninayekutana na watu wengi, nimewahi kusikia habari zake.

Nikasema sijui.

Hata "sijui" yangu ilipiga mluzi.

Jumamosi, 22 Machi

Chama. Mkaguzi amekuja na faili. Amekwenda ofisi ya vizazi na vifo! Mtu mstaafu, hana wajukuu wa kucheza nao? Anasema mwaka nilioutaja hakuna msichana wa umri ule aliyekufa kwa homa akiwa mwimbaji. Akanitaka nilete ndugu wa marehemu Jumamosi ijayo. La sivyo, santuri yangu itolewe kwenye mkusanyiko, nami nitolewe kwenye chama.

Chama hiki ni watu wanne kwenye viti vya kuazima. Lakini nikiwaza Jumamosi bila kile chumba, bila ile harufu ya rangi na sindano ikishuka kwenye santuri, naiona ndefu kama juma zima. Sina pengine ambapo watu hunisikiliza.

Nikasema, kifua mbele, nitaleta ndugu.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka kwamba marehemu hana ndugu. Sikumtungia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Bi Mwanya wa kweli yupo hai. Wimbo anaujua. Sauti anayo. Mwanya nitampa mimi mwenyewe keshokutwa. Atakuja Jumamosi kama mdogo wake marehemu! Ataitwa dada mdogo, ataimba mstari mmoja, Mkaguzi atafunga faili lake, kila mtu atakwenda nyumbani kwa amani. Hakuna atakayeumia.

Nimemweleza mke wangu mpango kwa kikaratasi. Amejibu kwa kikaratasi: "Nitakuja kuangalia."

Jumatano, 26 Machi

Amechukua meno. Yamekaa kama aliyezaliwa nayo. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema, "Nilikuwa nimekukosa." Nadhani alikuwa anauambia mwanya.

Nikamweleza kwamba nina rafiki. Rafiki huyo anayo ile santuri. Rafiki ni mtu mwema ila alijikwaa kidogo katika kuandika, na sasa ataaibika asipopata ndugu wa marehemu. Kama mama angekubali kuwa dada mdogo, kwa saa moja tu, rafiki atamruhusu kuishika santuri.

Akanitazama kwa utulivu. Akaniuliza, "Huyo rafiki yako ana upara, na unga mweupe wa plasta ya meno kwenye viwiko?"

Nikasema wanafanana.

Akasema sawa, atakuja. Amekubali kirahisi mno. Nimefurahi sana. Watu wa zamani ni waelewa.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika polepole.

Tulifika mimi, mke wangu na mama. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Alipomwona mke wangu mlangoni akasimama, akamshika mashavu, akasema, "Kumbe ndiye mimi!" Mke wangu akacheka. Siku kumi na moja sikuwa nimemsikia akicheka. Marehemu wawili wakaingia wameshikana mikono, mimi nyuma kama mchukuzi.

Mkaguzi akasimama na karatasi yake. Akamwomba mgeni aeleze yeye ni nani kwa marehemu.

Mama akaweka mkoba chini. Akasema, "Nakujibu, baba. Marehemu ni mimi. Aliyeniua ni yule pale." Akanionyesha kwa kidevu.

Nikasikia kopo la rangi likitoa mlio wa bati kwa joto. Nikatazama sakafu, nikaona kwamba ina nyufa nne, na hakuna hata moja inayonitosha.

Akawaeleza yote. Sabuni. Tairi. Kufua. Sinki. Shemeji alicheka sabuni ilipotajwa, Mwenyekiti akamkanyaga. Mama hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba aliposomewa historia yake alicheka, kisha akaona kwamba hata kwenye sifa zake hayumo. Uso wa mwingine, mapenzi ya mwingine, kifo cha homa. "Cha kwangu pale kilikuwa mwanya," akasema. "Huo ameuandika vizuri."

Mkaguzi akauliza ushahidi. Sauti yake haikuwa na nguvu tena.

Mwenyekiti akashusha sindano. Gita likaanza. Na yule mama akaimba pamoja na yule msichana. Sauti ya sasa ilikuwa chini zaidi, nzito, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ya zamani ilikuwa inakimbia mbele. Lakini kila zilipofika kwenye "s" zilikutana. Mluzi juu ya mluzi, hakuna uliotangulia. Mimi niliyeyapanga meno yale nikajua kwamba sikukosea hata unywele. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo kazi iliyonyooka kuliko zote. Nikalia. Safari hii sikusingizia vumbi.

Wimbo ulipoisha Mkaguzi akavua glavu zake, moja, ya pili, akampa mama mkono mtupu. Akasema katika miaka yake yote ya mizani hajawahi kuona sahani mbili zikisimama sawa namna ile.

Mama akaomba kuishika. Nikaitoa, nikampa. Akaishika kwa ukingo, kwa viganja, ingawa hakuna aliyemfundisha. Akaitazama lebo. Akaigeuza. Akarudia upande wa kwanza.

"Jina langu liko wapi?" akauliza.

Jina! Kwenye lebo nyeupe! Thamani yake yote ni kwamba haina kitu. Lebo nyeupe yenye maandishi si lebo nyeupe tena. Kila mtu mle chumbani alijua hivyo isipokuwa wanawake wawili.

Sijui nani aliingiza mkono mfukoni mwangu akatoa kalamu. Nadhani nilikuwa mimi.

Akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa mwandiko wa shule, akizunguka tundu la katikati, mimi nimemshikia ukingo. Mkaguzi alitoa mguno kama mtu anayeng'olewa jino. Wino ukakauka. Nikamwambia aichukue, ni yake. Maneno yalitoka kabla sijashauriana na nafsi yangu. Vidole vyangu havikuwa vimesikia bado, vikaendelea kushikilia ukingo. Mke wangu akanigusa bega. Vikaachia.

Jumapili, 30 Machi

Rafu ina pengo. Nimeweka kitabu, bado ni pengo.

Shemeji amebadilisha maelezo mtandaoni. Mama ameyatamka mwenyewe, yeye kaandika: kwamba ni wimbo wa sabuni, kwamba yu mzima, kwamba anayetaka kusikia mengine aje amsalimie. Jalada sasa ni yeye mbele ya mashine kubwa ya kufulia, anacheka, mwanya wazi. Waliolia wamekasirika kidogo, kisha wamesikiliza mara mbili zaidi. Chama kimepiga kura wimbo ubaki wa kwanza. Mkaguzi naye ameunga mkono. Kuhusu mimi, nimebakizwa kwa onyo, na nitakuwa nafagia chumba mpaka mwisho wa mwaka.

Mke wangu amerudisha picha yake kisandukuni. Amesema kwa mdomo, si kwa kikaratasi, kwamba anasubiri barua ya pili. Nimeandika leo mchana kutwa. Kurasa mbili. Hakuna uongo, isipokuwa kidogo kwenye ukurasa wa pili. Ameisoma jikoni amesimama, akarudia kuisoma, akaificha. Nimetengeneza bomba la bafuni bila kuombwa. Sasa linavuja upande mwingine.

Mama ametualika kwake Ijumaa. Hana gramafoni. Nitabeba yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku njema kuliko zote! Kwa fundi saa, chini ya rundo la mikanda, nimepata lebo nyeupe nyingine. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna kampuni. Mpiga tarumbeta, peke yake, ana pumzi ya kuhuzunisha. Naweza kusikia kwamba jino lake la chini kushoto limelegea.

Chama kinaandaa mkusanyiko wa pili mtandaoni. Mkaguzi tayari amepata wa kwake, na safari hii ana kofia ya mpiga gita. Kofia! Siwezi kwenda mikono mitupu.

Lakini nimejifunza. Nimekaa, nimetafakari, nimelitambua kosa langu wazi kabisa. Kosa lilikuwa kumuua. Mtu ukimuua, anaweza kutokea akiwa hai, ukaaibika. Kwa hiyo huyu simuui. Huyu amehamia nchi ya mbali sana, kuvuka bahari mbili, kwa sababu ya mapenzi, wala haandiki barua kwa mtu. Hajafa, hivyo hawezi kufufuka. Hayupo, hivyo hawezi kuulizwa. Nimeandika kurasa tatu, na sijalia ila mara moja.

Na endapo, Mungu apishe mbali, akatokea mzee mwenye tarumbeta akabisha hodi kwa Daktari, hilo nalo nimeshalifikiria. Nimempa pacha.